Korongo Kumi na Watano: Upinde na Hesabu ya Uwindaji Nyanza Kusini

Mtu akitaka leo kuwinda nyati au kiboko kwa upinde katika kaunti za Migori na Homa Bay, sheria ina jibu fupi: haiwezekani. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya nzima Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza kamba zaidi. Kuwinda kwa starehe ni kosa, kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na kuuza nyamapori ni kosa. Haijalishi mshale umetoka kiwandani Marekani au umefuliwa na mhunzi wa Kehancha.

Hata hivyo mjadala wenyewe haufi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa G. G. Kariuki, mbunge wa Laikipia Magharibi, ambao wapinzani wake waliuona kuwa mlango wa kurudishia bunduki na nyara. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka 2018 Waziri Najib Balala aliunda jopo la kuchunguza kama nchi inaweza kuvuna wanyamapori wake. Kila mara hoja huwa ni ile ile: mnyama asiyemfaa mwenye shamba hana maisha marefu, na mwindaji mmoja mwenye pesa huacha fedha nyingi kuliko basi zima la wapiga picha. Siku hizi wapo wanaoongeza upinde katika hoja hiyo. Wanasema upinde hauna mlio wa kutawanya kundi, humlazimisha mwindaji kusogea hadi hatua chache, na kwa hiyo huua kidogo.

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba husemwa kana kwamba Kenya yote ni Laikipia, nchi ya mashamba ya maelfu ya ekari na wenye mashamba wanaoweza kuajiri walinzi wao wenyewe. Nadhani inafaa kuipeleka mahali pengine, kwenye nchi ya mahindi, samaki na mashamba ya kurithi yanayogawanywa kila kizazi, tuone kama inasimama. Nyanza Kusini, yaani kaunti hizo za Migori na Homa Bay, ni mahali pazuri pa kuijaribu kwa sababu ina karibu kila kitu kinachotajwa katika mjadala: swala adimu kuliko wote nchini, mnyama hatari anayelala mlangoni pa watu, na jamii ambazo upinde haujawahi kutoka mikononi mwao.

Tuanze na mnyama adimu. Chini ya mteremko wa Kanyamwa, kati ya vilima vya Gwassi na Ruri, kuna bonde la Lambwe, na ndani yake mbuga ya Ruma yenye kilomita za mraba 120. Hapo ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo bado anaishi porini. Yule ndege mwenye miguu mirefu ni korongo mwingine. Huyu ni swala mkubwa, karibu na umbo la farasi, mwenye uso mweusi na mweupe, masikio marefu yenye ncha, na pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Zamani korongo walikuwapo pia Maasai Mara na vilima vya Ithanga, upande wa Thika. Wa Ithanga walipobanwa na mashamba baadhi walihamishiwa Shimba Hills, na huko hawakudumu. Lambwe walikuwa takriban 200 katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 iliwahesabu 15.

Ni nani aliyewahifadhi hadi hapo? Jibu la kweli halimpendezi mtu yeyote: mbung'o. Kwa miongo mingi Lambwe ilikuwa bonde la malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Waliojaribu kuishi humo walizika ndugu zao au walihama na mifugo iliyobaki, na vichaka vikabaki kwa swala. Mwaka 1958 watafiti walithibitisha, huku huku Nyanza, kwamba vimelea vya malale vinaweza kukaa katika damu ya pongo bila yeye kuonekana mgonjwa. Ugunduzi huo ulimfanya mnyamapori kuwa mshitakiwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini serikali za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba njia ya kumaliza mbung'o ni kumaliza wanyama wanaomlisha, na maelfu kwa maelfu waliuawa kwa risasi za serikali. Lambwe iliponea. Mwaka 1966 ikawa hifadhi ya wanyama, mwaka 1983 ikapandishwa kuwa mbuga ya taifa, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, malale yalipolipuka tena, ndege zilinyunyizia bonde dawa ya endosulfani. Mbung'o walipopungua watu walirudi hadi kingo za mbuga. Ulinzi wa bure ukaisha, na ikabidi utafutwe wa kulipiwa.

Sasa tupige hesabu ya mwindaji. Nchi zinazoruhusu uwindaji wa nyara kwa uangalifu huchukua sehemu ndogo sana ya kundi kila mwaka, mara nyingi asilimia mbili au tatu, tena madume waliokwisha kuzaa. Asilimia mbili ya korongo 15 ni karibu theluthi ya mnyama mmoja. Hata tukijifanya kwamba theluthi tatu za miaka mitatu zinaungana kuwa dume mmoja wa kuuzwa, tutakuwa tumemtoa dume huyo kwenye kundi ambalo tatizo lake kubwa tayari ni kuzaliana ndugu kwa ndugu. Hakuna bei ya mshale inayoweza kulipia hilo. Na tukimwacha korongo, Ruma ina nini? Ina vifaru walioletwa mwaka 2011 na 2012, twiga, kongoni, taya, nyati, chui. Kifaru hata mtetezi mkali wa uwindaji hatamtaja hapa. Nyati wapo, lakini wako ndani ya uzio, katika eneo ambalo mtu mwenye pikipiki hulizunguka kwa siku moja. Kumpiga nyati hapo na kuita safari ya porini ni kutumia neno porini kwa ukarimu mno.

Afrika Kusini wamelitatua jambo hili kwa njia yao. Sheria yao ya mwaka 1991 humpa mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha haki ya kummiliki mnyamapori aliye ndani, hata akitoroka. Ndiyo maana korongo hufugwa kule, huuzwa mnadani, na mwindaji wa upinde kutoka Texas hulipia dume kama anavyolipia hoteli. Kenya mnyamapori ni wa taifa. Mwenye shamba hana hati ya swala anayekula maharagwe yake. Hata tukibadili sheria kesho, nani katika Ndhiwa au Nyatike ana ardhi ya kuzungushia uzio wa namna hiyo? Familia yenye ekari tatu itafuga mbuzi, na itafanya vizuri.

Hapo swali la korongo linaisha. Swali la upinde ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu upinde una historia ya pekee katika sehemu hii ya dunia, na historia hiyo ina ngazi mbili ambazo hazikutani.

Ngazi ya kwanza ni ya wageni. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, daktari wa upasuaji Saxton Pope na mwenzake Arthur Young, walikuja Afrika Mashariki kuthibitisha kwamba simba anaweza kuuawa kwa mshale usio na sumu. Pope alikuwa amejifunza upinde San Francisco kwa Ishi, Mwamerika asilia wa kabila la Yahi aliyejitokeza mwaka 1911, wa mwisho wa watu wake, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Safari yao iliongozwa na mwandishi Stewart Edward White, ambaye mwaka 1913 alikuwa ameshuka kutoka Nairobi hadi kaskazini mwa Serengeti. Waliwinda huko, upande wa Tanganyika, si mbali sana na mpaka unaopita leo kusini mwa Isebania. Walifanikiwa kuua simba kwa mishale, lakini bunduki zilikuwa tayari nyuma yao, na mara kwa mara ndizo zilizomaliza kazi simba aliyechomwa alipogeuka kuwashambulia. Pope alifariki mwaka 1926, mwaka ambao kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka. Jina lake na la mwenzake sasa ni jina la chama kikubwa cha wawindaji wa upinde Marekani, kilichoundwa mwaka 1961.

Ngazi ya pili ni ya wenyeji, na inaanza kabla ya huyo daktari kuzaliwa. Kwa Wajaluo silaha ya heshima ilikuwa mkuki na ngao. Kwa Wakuria na Wakisii, na kwa jirani zao wa kusini mwa mpaka kama Waikoma na Wangoreme, upinde ulikuwa chombo cha mwanamume: kulinda ng'ombe, kupigana, kutafuta nyama. Wakoloni walipokuja na leseni zao, bei ya leseni na masharti ya bunduki vilimweka mgeni ndani ya sheria na mwenyeji nje yake. Tendo likawa moja na majina mawili. Mwenye kofia na mpishi akaitwa mwindaji, mwenye podo akaitwa jangili.

Kisa kinacholionyesha hili waziwazi kuliko chochote hakitoki Nyanza bali Tsavo. Waata, waliokuwa wakiwinda tembo kwa pinde ngumu ajabu, nyingine zikihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, walisakwa mwaka 1956 na 1957 katika operesheni iliyoongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley. Wengi walifungwa. Baadaye serikali iligundua jambo ambalo lingeweza kugunduliwa mapema, kwamba watu hao walilijua pori kuliko yeyote, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wawinde kwa halali na kufaidika. Mpango haukuwainua Waata kama ulivyonuiwa, na leo Waata ni kundi dogo lisilo na ardhi wala tembo. Mwaka 1960 walikuwa wamepewa jibu ambalo watetezi wa uwindaji wanalitoa hadi leo: wape wenyeji sehemu. Anayelitoa tena ana wajibu wa kueleza kwa nini safari hii litafanikiwa.

Tuseme kidogo juu ya jinsi upinde unavyoua, kwa sababu mjadala wa ukatili huendeshwa na watu ambao hawajauliza. Mshale wa mgeni hauna sumu. Una chembe pana yenye makali ya wembe, na unaua kwa kutoa damu: ukipita mapafu au moyo mnyama huanguka upesi, ukipita tumbo au bega anaweza kutembea siku nzima. Upinde wa kisasa wenye roda, ambao Mmarekani Holless Allen alipata hataza yake mwaka 1969, huongeza kasi na kumpunguzia mvutaji uzito anapolenga, lakini hauibadili kanuni hiyo. Mshale wa Mkuria au Mgiriama hauhitaji kupita mapafu. Unahitaji kuingia tu. Sumu huchemshwa kutoka kwenye magome na mizizi ya miti ya jamii ya msunguti, ikawa nzito na nyeusi kama lami, kisha hupakwa nyuma ya chembe na kufungwa ngozi ili isikauke. Ikishika damu husimamisha moyo. Kiini chake kinaitwa uabaini, na kwa dozi ndogo madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia kutibu moyo huo huo. Sumu ikiwa mbichi na mshale ukaingia vizuri, mnyama hafiki mbali. Ikiwa imechakaa, au mnyama ni tembo na jeraha ni la mguu, anaweza kuteseka majuma.

Kwa hiyo hakuna upande wenye mikono safi. Mwaka 2014 tembo Satao, aliyejulikana kwa pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu, na Kenya ikalaani majangili. Mwaka uliofuata daktari wa meno kutoka Minnesota, Walter Palmer, alimpiga simba Cecil kwa upinde wa kisasa karibu na mbuga ya Hwange, Zimbabwe. Simba akabaki na jeraha kwa saa nyingi kabla ya kumalizwa, naye alikuwa na kola ya watafiti wa Oxford shingoni. Dunia ikalaani, lakini Zimbabwe haikumshtaki Palmer. Namibia, inayosifiwa kama mfano wa uwindaji wenye nidhamu, huruhusu upinde kwa swala na kuukataza kwa tembo, nyati, kifaru na simba. Uingereza na Ujerumani haziruhusu mtu kumwinda hata paa kwa upinde. Mtetezi anayeuita upinde silaha ya upole anapaswa kujibu kwanza kwa nini nchi zenye wawindaji wengi na paa wengi zimeamua vinginevyo.

Migori yenyewe mshale siku hizi hautajwi sana kwa sababu ya wanyama. Hutajwa katika wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mipaka, hasa Kuria inapokutana na Transmara, na hospitali za eneo hilo huujua mshale vizuri kuliko zinavyotaka. Ofisa wa serikali akimwona kijana na podo barabarani Ntimaru hafikirii kongoni. Anafikiria vita. Kibali cha upinde kwa mtalii katika kaunti hiyo kingemlazimu polisi kuwa na sheria mbili za kitu kimoja, na historia imeshatuonyesha nani huumia sheria zikiwa mbili.

Wanyama nao? Hapa ndipo hoja ya watetezi wa uwindaji ina nguvu zaidi, na haifai kuikwepa. Aliyetangaza marufuku ya 1977 alikuwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori, Mathews Ogutu. Karibu miaka arobaini baadaye Ogutu mwingine, mtakwimu Joseph Ogutu wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, na wenzake walikusanya hesabu za wanyama zilizofanywa kutoka angani katika nyanda za Kenya kutoka 1977 hadi 2016. Walikuta kwamba wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Yaani katika miaka yote ambayo sheria imesema mnyama haguswi, theluthi mbili ya wanyama wametoweka. Korongo wa Lambwe waliporomoka kutoka 200 hadi 15 katika kipindi kinachokaribiana na hicho.

Watetezi wa uwindaji huishika takwimu hiyo na kusema: mnaona, marufuku imeshindwa. Ni kweli imeshindwa. Lakini kushindwa kwake hakuthibitishi kwamba uwindaji ungefaulu. Utafiti wenyewe unataja ongezeko la watu, kondoo na mbuzi, uzio, mabadiliko ya hali ya hewa, ujangili na sera. Lambwe hakuna mtalii mwenye bunduki aliyekuwa akimlinda korongo kabla ya 1977, kwa hiyo kuondoka kwake hakukuacha pengo. Kilichomaliza korongo ni waya. Waya wa breki, waya wa simu, nyuzi za chuma zilizochomolewa kwenye tairi kuukuu, hufungwa tanzi na kutegwa njiani usiku, na aliyetega hana haja ya kuwapo. Waya hauchagui dume mzee. Unanasa jike mwenye mimba, ndama, na mbwa wa mwenye kuutega. Pamoja nao kuna mbwa wa kuwindia, moto wa ukame, vichaka vinavyofunga nyasi fupi anazozipenda korongo, na fisi wanaochukua ndama. Kundi likishakuwa dogo, kila moja ya sababu hizo inatosha.

Kusini mwa mpaka mambo ni yale yale kwa ukubwa zaidi. Watafiti wa Serengeti wamekadiria kwamba nyumbu wapatao laki moja, au zaidi, huuawa kinyume cha sheria kila mwaka kwa ajili ya nyama, nao wengi hunaswa kwa waya. Upinde, ambao mababu wa wawindaji hao waliuishi, umebaki chombo cha pili au cha tatu. Mpiga upinde lazima ajue upepo, nyayo na wakati. Mtega waya anahitaji koleo tu. Tanzania ina vitalu vya uwindaji wa kitalii na Kenya haina, na waya umeingia pande zote mbili. Hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba ubishi kati ya marufuku na leseni hauwahusu watu wanaomaliza wanyama. Linalowahusu ni bei ya nyama sokoni na umbali wa askari.

Sijamtaja bado mnyama mkubwa halisi wa Nyanza Kusini, anayejulikana na kila mtoto wa Karungu, Muhuru, Mbita na Kendu Bay. Kiboko hahitaji mbuga. Hulala ziwani mchana na usiku hupanda kula mahindi na mboga, na mvuvi anayesukuma mtumbwi alfajiri hukutana naye akirudi. Maji ya Ziwa Victoria yalipofikia kimo cha rekodi mwaka 2020 yalimsogeza hadi uani. Hapa uhusiano wa watu na kiboko ni wa kale kupita kiasi. Nyayanga, katika rasi ya Homa, wachimbaji walikuta zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, kama walivyotangaza mwaka 2023. Hatujui kama viumbe hao waliua viboko au waliwakuta wamekufa, wala kama walikuwa wazee wetu au binamu zetu, maana meno yaliyopatikana hapo ni ya Paranthropus. Lakini nyama ya kiboko ililiwa Homa Bay kabla ya kuwapo binadamu wa aina yetu. Kanjera Kusini, rasi hiyo hiyo, miaka milioni mbili iliyopita, walikuwa wakirudi kula swala kizazi hadi kizazi. Aliyesema uwindaji si utamaduni wetu ana mifupa ya kujibu.

Kiboko ndiye kipimo halisi cha hoja nzima, kwa sababu yeye tayari anauawa kihalali. Akimuua mtu au akikataa kuacha mashamba, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hutuma askari mwenye bunduki. Watu huja na visu, maofisa wa afya huonya juu ya kimeta, nyama huondoka. Hakuna anayelipwa, hakuna ada, hakuna mfuko. Mtetezi wa uwindaji atasema: kiboko huyo huyo angeuzwa kwa mgeni mwenye upinde, na fedha zingejenga zahanati. Hii ndiyo sura bora ya hoja yake, na ninaikubali nusu. Nusu nisiyoikubali ni ya kiutendaji. Kiboko mwenye kuua watu hungojwa usiku, kando ya nyumba, na anahitaji kufa papo hapo. Mshale haumwangushi mnyama wa tani moja na nusu papo hapo. Humrudisha majini na jeraha, na kesho yake wavuvi ndio watakaokutana naye. Mgeni naye hataki kiboko wa usiku kati ya migomba. Anataka dume mwenye meno marefu, mchana, na picha. Hao ni viboko wawili tofauti.

Kinachobaki baada ya kuiondoa mishale mezani ni fedha, na hapo Nyanza Kusini ina malalamiko ambayo hayajasikika vya kutosha. Sheria ya 2013 iliahidi shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori, milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni mbili kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati ya kaunti, kisha hupanda Nairobi, na huko hukaa miaka. Mjane wa Nyatike hahitaji falsafa ya uhifadhi. Anahitaji faili lake lisogee. Tena kuna tofauti ambayo watu wachache huitaja: Maasai Mara ni hifadhi chini ya kaunti ya Narok, na mapato ya lango lake ni ya Narok. Ruma ni mbuga ya taifa, na mapato yake ni ya KWS. Lambwe ilipopandishwa hadhi mwaka 1983 ilipata jina kubwa na ikapoteza uwezekano wa kuwa mfuko wa watu wanaoizunguka. Homa Bay inatoa ardhi, inavumilia nyani na nyati wanaovuka uzio, na lango linalipiwa kwingine. Ni vigumu kumwambia mtu wa Kamato, kando ya mbuga, asitege waya kwa ajili ya mali ambayo hata kwenye karatasi si yake.

Kazi inayoendelea ndani ya Ruma haina mvuto wa kupigwa picha. Korongo wametengewa eneo lenye uzio wa ndani ili ndama wasichukuliwe na fisi, nyasi zinasimamiwa, waya zinang'olewa. Vifaru walipoletwa waliongeza walinzi, na mlinzi wa kifaru humlinda na korongo. Kundi likizaa vizuri miaka kumi au kumi na mitano ijayo, korongo wanaweza kuwa mia au zaidi. Hapo asilimia mbili itakuwa madume wawili kwa mwaka, na bila shaka mtu atasimama tena Nairobi na hesabu ya dola mkononi. Kwa bonde la kilomita za mraba 120 lisilo na mahali pa kuongezeka, wanyama hao wa ziada watakuwa na kazi nyingine ya haraka zaidi, ya kurudishwa Mara, ambako jamaa zao waliisha, ili moto mmoja au ugonjwa mmoja Lambwe usiwe mwisho wa korongo nchini Kenya.